Kishika Sufuria cha Jeannette

Jumamosi saa sita mchana Jeannette alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Mwanawe Bertrand, wa mwaka mmoja na nusu, alikaa sakafuni akigonga mfuniko kwa kijiko. Ndege ikapita juu ya nyumba. Vikombe vikatetemeka kabatini. Hapa Euless, Texas, uwanja wa ndege uko karibu, na hakuna mtu mzima anayeinua kichwa kwa sababu ya ndege. Bertrand peke yake alinyoosha kidole juu.

Ugali ulianza kukaza. Jeannette alishika mwiko kwa mikono miwili. Sufuria haikusogea. Ilikuwa imeshikwa na mikono miwili ya chuma, iliyofungwa kwenye mpini wa mlango wa oveni. Kadiri alivyosonga kwa nguvu, ndivyo chuma kilivyozidi kubana.

Simu ikalia. Alikuwa Marie-Goretti, rafiki yake anayekaa Houston. Wote wawili ni Warundi. Walikulia kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania.

"Uko wapi wewe?"

"Jikoni. Niwe wapi saa hizi?"

"Basi zima jiko unisikilize. Kile kishika sufuria ulichonitumia, jana tulikipikia kwenye harusi. Mwanamume mmoja akakipiga picha. Mbele, nyuma, chini. Kisha akatoa futi, akakipima."

"Akipime cha nini?"

"Ndiyo nikamuuliza. Akasema anataka kutengeneza vya kuuza. Nikamwambia kina mwenyewe, yuko Euless. Akacheka. Akasema, 'Mama, kama hakikuandikishwa, hakina mwenyewe.'"

Jeannette alizima jiko. Ugali ulikuwa haujaiva vizuri, lakini hakuona. Alipakua hivyo hivyo. Alifuta meza, halafu akaifuta tena. Alikunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja upya. Maneno yale hayakumtoka kichwani. Hakina mwenyewe.

Alitazama kovu kwenye mkono wake wa kulia. Kovu lile lilikuwa na hadithi.

Walipofika Marekani yeye na mume wake, Jeannette alikuta jiko la umeme lenye uso wa kioo. Uso huo ni bapa na unateleza. Ukisonga ugali, sufuria inazunguka na mwiko. Siku moja sufuria ilikimbia mpaka ukingoni. Ugali wa moto ukamwangukia mkononi. Wanawake wengi wa parokia yao walikuwa na makovu kama hilo. Wengine waliacha kupika ugali mgumu. Walipika laini laini, na waume zao wakanung'unika.

Jeannette alifikiria tatizo hilo wiki nyingi. Jibu lilimjia asubuhi moja akimfunga Bertrand mgongoni kwa mbeleko. Mtoto alijirusha nyuma. Fundo likajikaza lenyewe. Jeannette alisimama pale pale. Kumbe nguvu inayotaka kufungua inaweza kufanywa ibane!

Alimwendea shemeji yake Godefroid, kaka mkubwa wa mume wake. Godefroid ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana garaji kule Fort Worth. Akamwelekeza, naye akatengeneza. Kiliposhika vizuri, Jeannette alifanya kama walivyofanya kwao. Misa ya mavuno ilipofika, kila mtu alipeleka altareni kitu cha kwanza cha kazi yake. Wengine walipeleka mahindi, wengine mboga za bustani. Jeannette alipeleka kishika sufuria chake, kimefungwa utepe. Baada ya Misa akasonga nacho ugali mbele ya watu wote. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wakampiga video.

Hakuona ubaya wowote. Kitu kizuri huanzia altareni. Ndivyo alivyofundishwa.

Saa tisa mlango uligongwa. Alikuwa Flaviana, Mtanzania anayekaa ghorofa ya juu. Flaviana ni msaidizi katika ofisi ya wanasheria, na kazi yake kila siku ni karatasi za wavumbuzi.

"Hodi, Mama Bertrand. Kifurushi chako kimeletwa kwangu tena. Hawa watu hawajui kusoma namba."

"Karibu, dada. Karibu ukae."

Flaviana hakukaa. Alimtazama usoni. "Una nini wewe? Umelia?"

Jeannette akamweleza yote. Flaviana aliweka kifurushi chini, akaenda jikoni. Akakifungua kile chuma, akakigeuza, akakirudisha. Akazungusha sufuria kwa mkono. Chuma kikabana.

"Umewaza wewe hii?"

"Mimi."

"Umeiombea hataza?"

"Hataza ndiyo nini?"

"Wengi wanaiita patenti. Ni haki ambayo serikali inampa mvumbuzi. Ukiwa nayo, kwa miaka kadhaa mtu mwingine hawezi kutengeneza wala kuuza kitu chako hapa Marekani bila ruhusa yako."

"Hata yule wa Houston?"

"Hata yeye. Lakini ni lazima uiombe. Haiji yenyewe." Flaviana aligeuka ghafla. "Ngoja. Watu walikiona lini mara ya kwanza? Si watu wa nyumbani. Watu wa nje."

"Misa ya mavuno. Mwaka jana."

"Tarehe ngapi?"

Jeannette alifungua simu. Video ilikuwa bado ipo kwenye ukurasa wa parokia. Tarehe ilikuwa ishirini na saba, mwezi wa kumi.

Flaviana alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Dada, mbona unanitisha?"

"Sikutishi. Sheria ya hapa inakupa mwaka mmoja tangu siku uliyoonyesha watu. Mwaka ukipita kabla hujaomba, haki yako imekwisha. Kitu kinakuwa cha kila mtu. Leo ni tarehe kumi na nane."

"Zimebaki siku tisa," Jeannette alisema. Akakaa chini polepole.

"Nchi nyingine nyingi hazitoi hata huo mwaka. Ukionyesha tu, basi. Kwa hiyo tushukuru tuko hapa, tufanye haraka."

"Siku tisa! Mimi nasafisha vyumba vya hoteli siku tano katika hizo. Hataza itapatikana lini?"

"Hataza yenyewe huchukua miaka. Lakini kuna ombi la muda. Unaandika maelezo ya kitu chako, unachora michoro, unajaza fomu ya majina, unalipa ada. Mvumbuzi mdogo anapunguziwa. Ombi hilo linakushikia nafasi kwa miezi kumi na miwili. Ndani ya miezi hiyo unaleta ombi kamili. Usipoleta, nafasi imepotea."

Kisha akaongeza, "Na mimi si mwanasheria, usije ukasema nilikudanganya. Nitakuonyesha njia. Kuna mpango wa wanasheria wanaosaidia wavumbuzi wenye kipato kidogo bila malipo. Tutauomba. Ila hauwezi kujibu ndani ya siku tisa. Hili la kwanza tulifanye wenyewe."

Usiku ule Jeannette hakulala vizuri.

Kesho yake baada ya Misa alikaa mezani na mume wake, Ézéchiel. Mbele yao ilikuwa fomu ya majina ya wavumbuzi. Waliijaza kwa heshima zote. Flaviana alipokuja kuiangalia, alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili.

"Mama Bertrand, Godefroid ndiye nani?"

"Shemeji yangu mkubwa."

"Na wa pili ni Ézéchiel. Wewe uko wa tatu."

"Ndiyo. Nimejiweka mwisho."

"Kwa nini?"

Ézéchiel akajibu badala yake. "Da' Flaviana, kwetu kitu cha ukoo kinatajwa kwa mkubwa. Kaka ndiye aliyetupokea hapa. Alikuja uwanja wa ndege na makoti manne, hakujua saizi zetu. Chuma ni chake, umeme ni wake. Nitawezaje kumruka?"

"Na wewe, shemeji, ulifanya nini kwenye hiki chuma?"

Ézéchiel alifikiri. "Mimi nilikula ugali."

Jeannette alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

Flaviana alicheka pia, lakini akaiweka fomu kando. "Hii haiwezi kwenda hivi. Mvumbuzi ni yule aliyewaza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Anaweza kuwa mmoja, wanaweza kuwa watano. Ila ukimwandika mtu ambaye hakuwaza, au ukimwacha aliyewaza, siku moja mtu anaweza kwenda mahakamani kuivunja hataza yako. Yule wa Houston atafurahi sana."

"Kwa hiyo tumtoe kaka?" Ézéchiel alisimama. Akaenda dirishani. Akarudi. "Unajua atasemaje? Atasema tumefika Amerika tumekuwa na vichwa vikubwa."

"Sijasema mtoeni. Nimesema muulizeni. Huenda kuna kitu alikiwaza. Kama kipo, jina lake litakaa pale kwa haki yake."

"Kumuuliza ni sawa na kumshtaki," alisema Ézéchiel.

Jioni ile hakuna aliyempigia Godefroid. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Hotelini Jeannette alitandika vitanda akihesabu siku. Alisahau taulo kwenye vyumba viwili, msimamizi akamwita. Kila simu ilipolia, aliikimbilia. Alifikiri ni Houston.

Jumatano alitoka kazini mapema. Flaviana alimpeleka kwa gari mpaka maktaba kuu ya Dallas. Huko kuna sehemu ya wavumbuzi, na wafanyakazi wake hukufundisha kutafuta hataza za watu waliotangulia.

"Tunatafuta nini?" Jeannette aliuliza.

"Kama kuna mtu aliyewaza hili kabla yako. Hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Tena kiwe na faida, na kiwe kitu ambacho fundi wa kawaida asingekiona moja kwa moja."

Kompyuta ilileta michoro mingi. Jeannette alisahau wasiwasi kwa dakika chache. Aliona kifungo cha mkanda wa gari, bawaba ya mlango wa ndege, mwavuli wa kukunja mara tatu, machela ya kushushia mgonjwa ngazi. Kila mchoro ulikuwa na namba ndogo ndogo na mistari inayoelekeza. Kila mmoja ulikuwa na jina la mtu juu.

"Hata chupa ya manukato?" alishangaa.

"Ile ni hataza ya umbo. Inalinda sura tu. Yako ni ya jinsi kitu kinavyofanya kazi."

Kisha mchoro mmoja ukatokea, na Jeannette akausogelea. Ulikuwa waya uliopinda, unaokumbatia sufuria, wenye sehemu mbili za kukanyaga kwa miguu. Ni wa kushikia sufuria ya ugali.

"Basi," alisema. "Kipo. Nimechelewa miaka na miaka." Alianza kukusanya vitu vyake.

"Kaa chini. Huu unashika kwa nini?"

"Kwa miguu. Unakanyaga."

"Na wako?"

"Wangu haukanyagwi. Wangu unajikaza wenyewe. Ukisonga, sufuria inavuta mkono huu, mkono huu unavuta ule."

"Aliyechora waya huu aliwaza hilo?"

Jeannette aliutazama mchoro kwa makini. Akaupekua mpaka mwisho. "Hapana."

"Basi hicho ndicho tutakachoandika. Si kushika sufuria. Kujikaza." Flaviana alimsukumia karatasi. "Andika kama unavyomwelekeza mtu asiyekiona. Kila kipande kipe namba. Usifiche kitu. Usichokiandika hakilindwi."

Jeannette aliandika saa mbili nzima. Kiingereza alichojifunza kwenye masomo ya jioni kilimtosha kwa sehemu kubwa. Palipomshinda, Flaviana alimpa neno. Alipomaliza alikuwa na kurasa sita na michoro minne. Kilichobaki ni ile fomu ya majina.

Ijumaa, siku tatu kabla ya mwisho, alimwambia mume wake, "Kesho tunakwenda kwa kaka."

"Umwambie nini?"

"Nitamuuliza. Wewe kaa kando yangu tu."

Garaji ya Godefroid ilikuwa wazi. Alikuwa amevaa barakoa ya kuchomelea, cheche zikiruka. Ukutani vilining'inia vishika sufuria sita vipya. Alipowaona, alizima moto.

"Amahoro," alisalimia kwa Kirundi. "Mbona mmekuja na nyuso za hospitali?"

"Amahoro, shemeji," Jeannette alijibu. Hakuzunguka. Akamweleza juu ya Houston, juu ya siku zilizobaki, juu ya fomu. Alipofika kwenye majina, sauti yake ilipungua.

Godefroid alivua glovu moja. Akavua ya pili. "Kwa hiyo jina langu linatolewa."

"Bado halijatolewa, shemeji. Tumekuja kukuuliza."

"Mniulize nini? Nani alichoma chuma hiki?"

"Ni wewe."

"Nani aliungua kidole hiki?" Alikiinua.

"Ni wewe, shemeji."

"Nani aliyewaambia watu kanisani kwamba hiki ni kitu chetu? Leo niwaambie nini? Kwamba nilikuwa kibarua?"

Ézéchiel alitazama sakafu. Nje lori lilipita. Bertrand, mgongoni kwa mama yake, alianza kulia. Jeannette alimtikisa taratibu. Kisha akasema alilokuja kusema.

"Shemeji, siku ya kwanza nilipokuja hapa, unakumbuka nilikuwa na nini?"

"Ulikuwa na mtoto. Na mfuko wa unga wa mke wangu."

"Hukuwa na karatasi. Nikamwaga unga kwenye meza hii. Nikachora."

Godefroid aliitazama meza. Akapitisha kiganja juu yake.

"Ulichora kwa kidole," alisema. "Nikakwambia, hiki hakitabana. Nikakwambia tuweke boliti mbili, zikaze kabisa, mikono isicheze."

"Nikakataa."

"Ukakataa! Mke wa mdogo wangu, kwenye garaji yangu, ananikatalia." Sauti yake ilikuwa kubwa, lakini pembe ya mdomo ilianza kupinda. "Ukanigeuzia mgongo. Nikafikiri umekasirika unaondoka. Kumbe unanionyesha fundo la mbeleko."

"Ndiyo, shemeji."

"Tukatengeneza changu kwanza, maana mimi ndiye mkubwa. Mnakumbuka?"

"Sufuria ikaruka mpaka kwenye kuku wa jirani," Ézéchiel alisema bila kuinua kichwa.

Godefroid aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta uso kwa mkono mweusi wa masizi.

"Lete hiyo fomu."

Alisoma majina matatu. Akachukua kalamu yake ya kuwekea alama kwenye vyuma. Akapiga mstari juu ya jina lake. Akapiga mwingine juu ya jina la mdogo wake. "Na wewe nenda huko. Mlaji!"

Kisha akamtazama Jeannette. "Sasa mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa fundi wa kitu hiki, shemeji. Kwa mkataba. Dada Flaviana anasema mvumbuzi ni suala moja, na mapato ni suala jingine. Tunaweza kuandikiana kwamba vyote vinatengenezwa hapa kwako, na wewe una fungu lako. Mwanasheria atakapopatikana atatuandikia vizuri."

"Muandike pia kwamba kidole kiliungua."

"Tutaandika."

Walijaza fomu mpya juu ya meza ile ile. Jina lilikuwa moja. Saa kumi jioni, siku mbili kabla ya mwisho, Flaviana alikaa pembeni ya Jeannette mbele ya kompyuta. "Bonyeza wewe," alisema. "Si mimi." Jeannette akabonyeza. Baada ya muda mfupi ikaja risiti yenye tarehe, saa na namba ndefu. Aliisoma mara tatu. Tarehe ilikuwa ishirini na tano.

Siku ile alipika ugali mgumu, na ukaiva.

Miezi ikapita. Mpango wa msaada ulimpatia mwanasheria, mama mmoja mpole aliyeuliza maswali mengi. Ombi kamili lilipelekwa kabla ya miezi kumi na miwili kwisha. Hataza yenyewe bado haijatoka, na mwanasheria amesema kusubiri kunaweza kuwa kurefu, na jibu la kwanza huwa mara nyingi ni hapana inayohitaji kujibiwa. Jeannette anajua. Lakini kila kishika sufuria sasa kina bati dogo lililoandikwa kwamba hataza imeombwa, na chini yake namba ya simu ya garaji. Jeannette anakwenda hotelini siku tatu tu. Siku nyingine mbili anaunganisha vipande kule Fort Worth, Bertrand akiwa naye.

Parokiani pia mambo yamebadilika kidogo. Misa ya mavuno bado ipo. Lakini mtu akiwa na kitu kipya, kwanza anapita kwa Jeannette. "Usikipige video bado," anamwambia. "Kaandikishe kwanza. Mungu hana haraka, atakipokea mwakani."

Asubuhi moja simu ya garaji ililia. Godefroid alipokea kwa mkono mmoja, koleo likiwa kwenye mkono wa pili. Mtu alijitambulisha kuwa anaitwa Humphrey, yuko Houston. Alisema aliwahi kukipima kitu hiki kwenye harusi. Sasa ameona lile bati. Je, anaweza kuruhusiwa kukiuza Houston? Na je, anaongea na mwenyewe?

Godefroid aliweka koleo chini.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiye fundi. Mwenyewe yupo. Subiri nimwite."

Jeannette alikaza fundo la mbeleko, akaja, akaipokea simu.

"Haloo," alisema. "Ndiyo. Ni mimi."